Anatawala, anaongoza au anaamuru tu? Kitenzi kinachozua ubishi Tabora na Kigoma

Mkuu wa wilaya akitoa tamko kali kwenye mkutano wa hadhara, jioni yake ubishi unaanza vijiweni, kuanzia Ng'ambo pale Tabora hadi Mwanga kule Kigoma. Mmoja atasema, "Huyu ndiye anayetutawala, lazima tutii." Mwingine atamjibu kwa ukali, "Hatutawaliwi na mtu, ukoloni uliisha 1961. Tunaongozwa." Wa tatu atauliza: kama hatutawaliwi, mbona kwenye ofisi hiyohiyo yupo katibu tawala?

Huyo wa tatu ameuliza swali la maana kuliko wenzake wote wawili. Ubishi huu si wa maneno matupu. Mtu anayeamini kwamba kila mwenye cheo "anamtawala" hulipa faini isiyo na sheria, huacha shamba lake ligawiwe bila mkutano, na hukubali kulala mahabusu bila kuuliza kwa kifungu kipi. Anayeamini kwamba hatawaliwi na yeyote naye hupuuza wito halali, kisha hushangaa anapofikishwa mahakamani.

Tuanze na maana. Kutawala ni kuwa na mamlaka juu ya watu au eneo na kuyatumia. Ndani ya maana hiyo mna vitu vitatu: mwenye mamlaka, wale au mahali anapoyatumia, na chanzo cha mamlaka yenyewe. Ukiondoa hicho cha tatu, kinachobaki ni nguvu tu. Jambazi anayesimamisha basi usiku ana nguvu, abiria watashuka na kulala chini kama alivyosema, lakini hakuna atakayesema anawatawala.

Hapo ndipo maneno manne huchanganywa kila siku. Nguvu ni uwezo wa kumfanya mtu atende asichotaka. Mamlaka ni haki ya kuamua na kutiiwa. Madaraka ni sehemu ya mamlaka uliyokabidhiwa pamoja na wajibu wake, na ndiyo maana hukabidhiwa na kuvuliwa. Ushawishi ni kufuatwa bila kuwa na lolote kati ya hayo: mzee wa Ujiji ambaye watu hawaozeshi binti bila kumuuliza ana ushawishi mkubwa, lakini hana mamlaka hata ya kuandika barua ya utambulisho.

Kutawala na kuongoza nako kunatofautiana, na wafugaji wa Igunga wanaweza kuiona tofauti hiyo njiani. Anayetangulia mbele ya kundi la ng'ombe anaongoza, wao wanamfuata. Anayetembea nyuma na fimbo anaswaga. Mwenye zizi huenda hata hayupo malishoni, lakini ndiye anayeamua ng'ombe yupi apelekwe mnadani na yupi abaki. Huyo wa tatu ndiye aliye karibu na maana ya kutawala: hahitaji kuwa mbele wala nyuma, maana uamuzi ni wake. Mfano huu una kikomo kimoja kikubwa. Ng'ombe hawakumweka mwenye zizi, ilhali Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali hupata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwao.

Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kufanya yote matatu kwa siku moja. Mwenyekiti wa kijiji anapokuwa wa kwanza kushika jembe kwenye ujenzi wa darasa, anaongoza. Anapopita nyumba kwa nyumba kuwahimiza waliobaki vitandani, anaswaga. Anapoketi na halmashauri ya kijiji kupanga matumizi ya fedha za kijiji, hapo tu ndipo anaposhiriki kutawala, na hata hapo hayuko peke yake.

Watemi, watwale na liwali

Wengi hudhani kutawala ni neno la kikoloni. Si kweli. Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kushika jambo na kulisimamia, na lilikuwamo kwenye Kiswahili kabla Mjerumani hajafika. Mzizi huohuo umezaa neno ambalo wakazi wa miji ya Tabora na Ujiji wanalijua vizuri: liwali. Karne ya 19, watu wa pwani walipojenga makazi kwenye njia ya misafara, mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar aliitwa hivyo. Kauli yake ilikuwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Pale Tabora, ardhi na wenyeji walikuwa chini ya mtemi, yaani mtawala wa jadi, wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayozunguka mji huo. Mji mmoja, wenye mamlaka wawili, kila mmoja na watu wake.

Neno mtemi lina historia nyingine kabisa. Linatokana na kutema, yaani kukata. Wapo wanaosema ni kukata pori na kufungua makazi mapya, na wapo wanaosema ni kukata shauri. Maelezo yote mawili yanaeleza kazi halisi ya mtemi: kuwapatia watu mahali pa kuishi na kumaliza ugomvi wao. Kule Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, mkubwa aliitwa mwami, na chini yake walikuwapo watwale.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana Kigoma. Mtwale si mtawala aliyekatwa silabi. Sauti zimekaribiana, asili ni mbalimbali. Mtwale ni wa ukoo mmoja na kitenzi cha Kirundi gutwara, ambacho maana yake ni kubeba au kuchukua, na pia kutawala. Kwa hiyo Unyamwezini madaraka yalisemwa kwa kukata, Buha yakasemwa kwa kubeba. Na Buha hiyohiyo kulikuwa na wateko, walioshughulikia ardhi na matambiko yake. Mtwale alikuwa mtu wa mwami, mteko alikuwa mtu wa ardhi. Anayedhani kwamba zamani mtawala mmoja alishika kila kitu mkononi mwake hajaangalia vizuri jinsi mababu wa mkoa huu walivyogawana kazi.

Neno hongo nalo linasaidia sana kuelewa chanzo cha mamlaka. Zama za misafara, hongo ilikuwa ushuru. Msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulitoa vitambaa, shanga au waya, na ushuru huo ulidaiwa mchana kweupe. Mtemi Mirambo wa Urambo aliitumia njia ya kwenda Ujiji kama silaha, na mwaka 1871 alipoingia vitani na Waarabu wa Tabora biashara ya ukanda wote ilitikisika. Leo hongo ni rushwa. Mkono unaotoa na mkono unaopokea bado vipo, kilichobadilika ni haki ya kudai. Mtemi alidai kwa sababu nchi ile ilikuwa chini yake na kila mtu alijua. Anayedai leo kwenye kizuizi cha barabara bila stakabadhi hana chanzo chochote cha mamlaka kwa pesa ile.

Uchungu wa neno kutawala ulianza baadaye. Mtemi Isike wa Unyanyembe alishindwa na Wajerumani mwaka 1893. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma na Tabora, na Kigoma walikaa hadi 1921 kabla ya kuwaachia Waingereza. Mwaka 1926 Waingereza waliweka sheria ya mamlaka za wenyeji: mtemi alibaki kwenye kiti chake, lakini chanzo cha mamlaka yake kikahama kutoka kwenye ukoo na tambiko kwenda kwenye idhini ya gavana. Akawa mkusanyaji wa kodi kwa niaba ya mwingine. Watu walipodai kujitawala, hicho ndicho walichokuwa wakikikataa. Uhuru ulipopatikana, mamlaka ya kisheria ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na lugha ya TANU, chama kilichokuwa madarakani, ikahamia kwenye kuongoza: kiongozi, uongozi, mwongozo. Kauli ya "hatutawaliwi, tunaongozwa" ni mtoto wa kipindi hicho. Ina heshima yake, lakini kama maelezo ya jinsi nchi inavyoendeshwa haitoshi, kwa sababu sheria zetu zimejaa utawala mpaka kwenye vibao vya ofisi.

Siri iliyomo ndani ya TAMISEMI

Litazame jina lenyewe: Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mikoa imepewa tawala, mitaa imepewa serikali. Mpangilio huo umebeba tofauti ambayo ingemaliza nusu ya ubishi wa vijiweni.

Mkoa, wilaya na tarafa ni mkono wa Serikali Kuu. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, na humwakilisha yeye. Hakuna aliyewapigia kura Nzega wala Kibondo. Katibu tawala ndiye mtendaji mkuu wa shughuli za ofisi hiyo, na hapa tawala ina maana ya kuendesha kazi za kiofisi: watumishi, majalada, fedha, ratiba. Ndiyo maana hata hospitali ina ofisa utawala, ambaye hamtawali mgonjwa yeyote.

Halmashauri ni kitu kingine. Ina madiwani waliochaguliwa, ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na ina mkurugenzi anayeisimamia kiutendaji. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Chini yake kuna kata yenye diwani na mtendaji wa kata, kisha kijiji chenye mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa, kisha kitongoji. Mjini, mahali pa kijiji panakuwa mtaa.

Anayetaka ushahidi kwamba mistari hii miwili haifanani aende Kasulu. Mkuu wa wilaya ni mmoja, halmashauri ni mbili: ya wilaya na ya mji, kila moja na mkurugenzi wake na baraza lake la madiwani. Nzega ni hivyohivyo. Mkuu wa wilaya anasimamia usalama na utekelezaji wa sera za Serikali katika eneo lote, lakini hakai kiti cha mwenyekiti wa baraza la madiwani, wala tamko lake la jukwaani haligeuki kuwa sheria ndogo.

Chama tawala nacho kinahitaji neno moja. Ni chama ambacho wanachama wake wanaunda serikali. Katibu wa chama wa kata si sehemu ya serikali ya kata, hata kama ofisi zao zimetazamana.

Vitenzi vinavyogusa mfuko, shamba na uhuru wako

Tuanze na kuweka ndani, maana hili ndilo linaloogopesha watu zaidi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuzuiliwa kwa muda usiozidi saa 48. Watu wengi huishia hapo na kusema "DC anaweza kukuweka ndani akitaka". Sivyo. Lazima awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo ametenda kosa la kukamatwa na kushtakiwa, au kwamba atavunja amani kwa namna ambayo haizuiliki isipokuwa kwa kumzuia. Lazima sababu ziandikwe, na hakimu apate nakala. Ndani ya saa hizo 48 mtu anafikishwa mahakamani au anaachiwa. Kuchelewa kikaoni, kujibu swali kwa sauti kubwa au kushindwa kujenga choo hakumo kwenye masharti hayo. Mambo huharibika pale agizo linapotolewa kwa mdomo jukwaani na kila mtu, kuanzia askari hadi ndugu wa aliyekamatwa, akachukulia kwamba mdomo umetosha. Ndugu wanapaswa kuuliza kituoni mambo matatu: amekamatwa saa ngapi, kwa kosa gani, na maandishi ya sababu yako wapi.

Kutoza ni kitenzi cha pili. Halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, kwa mfano ya mbuzi wanaozurura mashambani. Lakini pendekezo hilo lazima lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha liidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Likikwama hatua yoyote, lile si sheria, ni azimio la kikao. Ukiambiwa ulipe faini, omba kuonyeshwa sheria ndogo iliyoidhinishwa, kifungu kinachotaja kosa lako na kiasi chake, kisha dai stakabadhi. Kuuliza hivyo si ukaidi, na mtendaji anayejua kazi yake hatakasirika.

Ardhi ndiko kitenzi kibaya kinakoleta hasara kubwa zaidi. Utasikia Uvinza au Kaliua mtu akisema "kijiji kinamiliki ardhi hii, mwenyekiti amenipa". Vitenzi vyote viwili vina kasoro. Kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, kwa niaba ya wanakijiji. Kusimamia si kumiliki. Na halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji wenye miaka 18 na zaidi, ambao hutakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwenyekiti peke yake hawezi kukupa hata nusu ekari. Mgeni anayekabidhi pesa kwa mwenyekiti na kupewa karatasi yenye muhuri amenunua ugomvi, na ugomvi huo mara nyingi huibuka baada ya miaka, mwenyekiti akiwa ameshaondoka madarakani na miembe imeshaanza kuzaa.

Likitokea shauri la ardhi, wengi bado hukimbilia Baraza la Kata wakitaka lihukumu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo katika migogoro ya ardhi linasuluhisha, halihukumu. Wasipopatana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Jinsi ya kukitumia kitenzi chenyewe

Kutawala huchukua mtendwa moja kwa moja: alitawala Unyanyembe, anawatawala, walitawaliwa na Wajerumani. "Kutawala juu ya watu" utakutana nako kwenye Biblia, lakini katika sentensi ya kawaida "juu ya" haina kazi. Kutendwa ni kutawaliwa. Kutawalika husema kama jambo linawezekana: nchi haitawaliki. Kujitawala kuna maana mbili ambazo muktadha huzitenganisha, nchi kuwa huru na mtu kuzuia hasira au tamaa zake.

Kutawaza kunawaponza hata waandishi wa habari. Sikio linadhani ni kumfanya mtu atawale, kama kula na kulisha. Asili yake ni taji: kumtawaza mtemi ni kumweka rasmi kwenye kiti kwa sherehe. Kuna kutawaza kwingine, kwa maana ya kujisafisha kwa maji, na jirani yake kutawadha, kuchukua udhu. Anayeandika tangazo la sherehe ya jadi aandike "kutawazwa kwa mtemi" na achunge herufi zake.

Halafu kuna matumizi yasiyohusu mamlaka kabisa. Magugu yametawala shamba la tumbaku, ukimya ulitawala ukumbi, timu ilitawala mchezo na bado ikafungwa. Hapo kutawala ni kuenea au kuzidi. Hakuna aliyempa gugu madaraka. Matumizi haya ni sahihi, ila yakihamia kwenye siasa huficha jambo. Mtu akiandika "ukoo fulani umetawala kijiji chetu", hatujui kama umechaguliwa, umerithi, au una pesa tu. Afadhali aseme.

Kwenye vichwa vya habari, soma kitenzi kabla ya jina la mkubwa. "Ashauri" na "ahimiza" havikubani. "Aagiza" na "atoa maelekezo" kwa kawaida humbana mtumishi aliye chini yake, si mwananchi. "Aamuru" na "apiga marufuku" vinahitaji sheria nyuma yake, na habari isiyoitaja sheria hiyo ina pengo.

Pengo hilohilo hujitokeza kwenye mihtasari ya vijiji, na huko ndiko linakoumiza. Mtendaji, ambaye ndiye katibu wa kikao, akiandika "mwenyekiti aliridhia kumpa ndugu huyo ekari tano", ameandika jambo ambalo mwenyekiti hana uwezo nalo, na wakili wa upande wa pili atalishika neno hilo. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu huridhia, halmashauri ya kijiji hugawa, mtendaji hutekeleza. Kila kitenzi kina tarehe yake na kikao chake, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi za waliokuwapo iambatishwe kwenye muhtasari wa kila kikao kabla watu hawajatawanyika.